Nyasi juu ya barafu: shajara ya msimu wa kwanza wa timu ya soka la ndani

Hii ni shajara ya timu mpya ya soka la ndani, daraja la chini la kulipwa, katika jimbo la Iowa, Marekani. Inaongezwa kila hatua inapokamilika, ili kikundi kingine kikitaka kuanzisha timu kama hii kisilipie makosa ambayo sisi tumeshayalipia. Fedha zote ni dola.

Kwa asiyeujua mchezo huu: si futsali. Huchezwa ndani ya uwanja wa hoki ya barafuni uliotandikwa nyasi bandia, na ukuta unaouzunguka ni sehemu ya mchezo. Mpira ukigonga ukuta, kazi inaendelea. Kila upande una wachezaji sita, kipa akiwemo, robo ni nne za dakika 15, na kubadilisha wachezaji hakuna kikomo wala hakusubiri ruhusa ya refa. Faulo mbaya huleta kadi ya buluu: aliyekosa anakaa kibandani dakika mbili, na timu inacheza pungufu mpaka dakika zipite au ifungwe bao.

17 Juni 2024. Ukumbi

Tumesaini mkataba wa mechi sita za nyumbani. Kodi ni 3,200 kwa jioni moja, pamoja na taa, saa ya mchezo na wakaguzi wa tiketi. Kazi ya kutandika uwanja inatozwa mbali, 1,400. Mwenye haki ya kwanza ya tarehe ni timu ya hoki, kwa hiyo sisi tunapata Jumamosi ambazo yenyewe iko safarini.

Uwanja ni wa kawaida wa hoki ya Marekani: futi 200 kwa 85, yaani mita 61 kwa 26, pembe zake ni za duara lenye nusu-kipenyo cha futi 28. Lango letu ni futi 14 upana na 8 kimo, na halisimami juu ya uwanja kama la hoki. Linaingizwa ndani ya ukuta, miimo ikiwa sawa na uso wa mbao. Hapo ndipo kazi ilipo. Vipande vya ukuta wa hoki vina upana wa futi 8, kwa hiyo kila mwisho vinaondolewa viwili, na futi moja inayobaki kila upande wa lango inazibwa kwa kipande maalumu. Nyuma ya mwimo panatakiwa futi 5 za nafasi ya wavu. Upande wa kaskazini zipo. Upande wa kusini kuna tatu na nusu, kisha viti. Tumekubaliana na ukumbi kung'oa viti 14 vya mstari wa kwanza kila tukicheza. Kabla ya kusaini popote, piga tepu nyuma ya ukuta.

Malango mawili na nyavu: 5,200. Kurekebisha vipande vya ukuta, fundi wa kuchomelea na fundi seremala: 3,100.

29 Julai. Nyasi

Nyasi mpya za futi za mraba 17,000 zingetugharimu 40,000 na ushee. Tumenunua zilizotumika kutoka kwa timu iliyovunjika: mikunjo 14, kila mmoja futi 15 kwa 85, kwa 18,000, na usafirishaji 2,600. Ni zile fupi zisizojazwa mchanga wala chembe za mpira. Za kujaza usiziguse hata ukipewa bure, kwa sababu chembe zikiingia kwenye barafu hakuna ukumbi utakaokupokea tena.

Mkunjo mmoja una uzito wa karibu kilo 270. Watu hawaubebi, unabebwa na folklifti.

Tulipoifungua tulikuta mambo matatu. Mikunjo miwili ilikuwa imelowa chini na gundi ya mgongoni imeachia. Velkro ya maungio ilikuwa imejaa nyuzi na haishiki. Na hakuna mkunjo hata mmoja ulioandikwa namba. Velkro yote imebadilishwa: maungio 13 yenye futi 85 kila moja, jumla futi 1,105, na hiyo ni kwa upande mmoja tu wa kushikana. Kushona na kubandika upya: 1,900.

Sasa kila mkunjo una namba mgongoni, 1 mpaka 14, na mshale unaoelekea benchi letu. Kwenye paleti, namba 1 inakaa juu. Tulipoweka mara ya kwanza namba 1 ilikuwa chini, na tukapoteza saa nzima kuipangua mingine kumi na mitatu ili tuufikie.

26 Agosti. Kukata pembe (soma hata kama mengine unaruka)

Mikunjo ya mwisho, 1, 2, 13 na 14, inakatwa kwa duara la pembe. Tuliikata ndani ya godauni, kwa kiolezo cha plywood, joto likiwa nyuzi 33. Ilikaa vizuri mno.

10 Septemba 2024. Mikataba ya wachezaji

Waliosaini ni 22. Wanaovaa jezi kwa mechi moja ni 16 nyumbani na 14 safarini. Tisa kati ya hao 22 wanazungumza Kiswahili, wengi wao wakiwa Wakongo na Warundi waliofika Iowa kama wakimbizi.

Viza ya kuwaleta wachezaji wa kulipwa kutoka nje ni ghali, na ligi ndogo haina hoja ya kuitetea. Tulichukua waliopo. Mkimbizi ana haki ya kufanya kazi tangu siku anayoingia, na asiyepata kadi ya kibali cha kazi bado anaweza kuanza kwa fomu I-94, ile ya kumbukumbu ya kuingia nchini, yenye muhuri wa ukimbizi. Mwajiri anaipokea kama stakabadhi ya siku 90, na kabla hazijaisha analetewa hati kamili. Tumeweka tarehe hizo kwenye kalenda ya timu, maana zikipita mchezaji analazimika kukaa nje.

Kosa tuliloliwahi mlangoni: wawili walikuwa wanafunzi wenye viza ya F-1, na mikataba yao ilikuwa imeshachapwa. Mwenye F-1 haruhusiwi kulipwa kazi ya nje ya chuo bila kibali, na dola sabini na tano tulizopanga kumlipa mchezaji kwa mechi ni malipo kama malipo mengine. Anayebeba adhabu nzito ni mwanafunzi, si timu. Mikataba imechanwa.

4 Novemba. Malipo, na mazoezi yasiyo na ukuta

Tulipanga 75 kwa mechi, nyumbani na ugenini. Mshauri wa ajira akakaa na kalamu. Mchezaji ni mwajiriwa, mazoezi ni lazima, basi saa za mazoezi ni saa za kazi, na safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo nayo ni kazi. Mechi ya nyumbani: mazoezi ya muda wa saa 4, kukaa ukumbini muda wa saa 5 hadi 6, inakuja kama 7.50 kwa saa. Kima cha chini cha Iowa ni 7.25, kwa hiyo inapita kwa unywele. Ugenini, ukiongeza saa 8 za basi, 75 inakuwa chini ya dola 5 kwa saa. Tumepandisha malipo ya ugenini kuwa 130. Msimu mzima: nyumbani 7,200, ugenini 10,920.

Bima ya wafanyakazi ilikadiriwa 9,000, ikaja 11,400, kwa sababu tulijaza fomu kana kwamba tunaajiri makarani. Mwanamichezo wa kulipwa ana daraja lake.

Mazoezi: wiki tatu za Oktoba tulitumia ukumbi wa shule, bure. Bure hiyo ndiyo ghali kuliko yote. Sakafu ya mbao haina ukuta, na wachezaji walijifunza kuusimamisha mpira kwenye mstari kama watu wa futsali. Tumehamia kituo cha kibiashara chenye ukuta na nyasi, 110 kwa saa. Mazoezi ya kwanza huko yalionyesha tatizo: kila mpira uliopigwa pembeni, mchezaji aliugeuzia mgongo akidhani umetoka. Tumefuta ratiba yote ya mbinu kwa wiki mbili. Kazi ni moja tu: pasi ya ukuta, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, na mpira unaorudi kutoka kwenye mbao za nyuma ya lango. Beki anafundishwa kutoufuata mpira pembeni bali kusimama pale utakaporudia. Pembe iingiayo na pembe itokayo ni sawa kwenye ubao, lakini kwenye kioo cha juu mpira unakufa kidogo na kushuka mapema.

9 Desemba. Mechi ya kwanza, tumefungwa 9–4

Mechi ilichelewa dakika 40. Nyasi zilikuwa zimelowa.

Chini ya nyasi kuna barafu ya nyuzi 5 chini ya sifuri, imefunikwa kwa bodi za futi 4 kwa 8, 531 zikienea uwanja mzima. Ni mali ya ukumbi, zinatumika pia kwa matamasha. Hewa ya ukumbini ilikuwa nyuzi 16 na unyevu asilimia 60. Hewa ya namna hiyo inaanza kutoa umande ikigusa kitu cha nyuzi 8. Uso wa nyasi tuliupima kwa kipimajoto cha miali: 6 katikati, 4 juu ya maungio ya bodi ambayo hayakubana. Mlango wa kupakulia mizigo ulikuwa umeachwa wazi tangu saa nane mchana, na siku hiyo nje kulikuwa na ukungu. Watu walipoingia, kila pumzi ikaongeza maji. Velkro iliyolowa ikaachia katika maungio mawili karibu na lango la kusini, na tukaziba kwa utepe wa gundi ambao nao haushiki kwenye maji. Taulo 60 za hoteli ya jirani ndizo zilizoikoa mechi.

Na pembe sasa. Nyasi zilizokatwa kwa joto la 33 zikatandikwa kwenye uso wa nyuzi 6, zikanywea. Kwenye pembe tatu palibaki mwanya wa karibu sentimita 5 kati ya nyasi na ukuta. Mpira ulizama humo mara saba, refa akasimamisha mchezo mara saba. Kifundo cha mguu kimoja pia kilizama. Mchezaji huyo yuko nje wiki tatu.

Uwanjani penyewe tulijiumiza kwa njia tatu.

Kwanza, zamu ndefu. Kikosi kilikaa ndani dakika tatu. Mabao sita kati ya tisa tuliyofungwa yaliingia mwishoni mwa zamu, miguu ikiwa imekwisha. Pili, watu wengi uwanjani: kadi mbili za buluu kwa sababu aliyeingia hakumsubiri anayetoka afike kwenye eneo la benchi. Tatu, kosa la mistari mitatu. Mpira hauruhusiwi kuvuka hewani mstari mwekundu wa kwanza, wa katikati na mwekundu wa pili bila kugusa mtu au ukuta. Kipa wetu, aliyekulia soka la nje, alirusha mbali mara tano, na kila mara wapinzani wakapewa mpira wa adhabu kwenye mstari wetu mwekundu, yaani mlangoni petu.

Kisha ikaja hati ya malipo. Mkataba ulitaja kutandika. Kutandua haukutaja, na kutandua ni 1,400 nyingine. Tuliusoma watu wanne, na hakuna aliyejiuliza nyasi zitaondokaje.

16 Desemba. Marekebisho, mechi ya pili, tumeshinda 7–6

Umande: tumekodi mashine mbili kubwa za kukausha hewa, 450 kwa wikiendi, zinawashwa asubuhi. Mlango wa mizigo unafungwa mkunjo wa mwisho ukishaingia. Ukumbi umekubali kupandisha barafu hadi nyuzi 3 chini ya sifuri kuanzia usiku wa kuamkia mechi. Maungio ya bodi yanafunikwa kwa nailoni nyembamba kabla ya nyasi. Unyevu ulishuka hadi asilimia 40, na kwa hewa ya nyuzi 16 umande wake hauanzi mpaka nyuzi 2 na kitu. Kanuni yetu sasa: milango ya watazamaji haifunguliwi mpaka uso wa nyasi uwe na joto linalozidi la umande kwa nyuzi 2 au zaidi, upimwe sehemu tisa. Kipimajoto na kipimaunyevu havikufika dola 80 kwa pamoja.

Taabu hii si ya kwetu peke yetu. Soka hili limetandikwa juu ya barafu ya watu wa hoki tangu ligi ya MISL (Major Indoor Soccer League) ilipoanza Desemba 1978, na kila ukumbi una umande wake.

Pembe: mikunjo inatandazwa saa mbili kabla ya kufungwa velkro, ipoe kwanza. Mwanya umezibwa kwa vipande vya sentimita 12 vilivyokatwa ukumbini humohumo, kwa baridi yake, vikashonewa chini ya nyasi na kuacha mdomo unaoingia chini ya ubao. Lau tungengoja kukata hadi nyasi zipoe juu ya bodi, vipande hivi visingehitajika.

Zamu: sekunde 75 hadi 90, na mtu mmoja benchi hana kazi nyingine ila saa. Tunabadilisha mpira ukiwa kwenye pembe ya mbali ya wapinzani, si wakati wao wanao. Kila mchezaji ana mwenzake mmoja, na haruki mpaka ameguswa mkono mlangoni. Hatukupata kadi hata moja ya kuzidi idadi.

Kipa: anaviringisha, au anarusha chini apige ubao wa pembeni kabla ya mstari wa tatu. Ukuta ukiguswa, kosa halipo.

13 Januari 2025. Wikiendi ya mechi mbili

Tumeomba ligi ituruhusu kuzikusanya mechi nne za nyumbani zilizobaki katika wikiendi mbili, Jumamosi na Jumapili, timu ya hoki ikiwa haipo. Nyasi zinatandikwa mara moja na kutanduliwa mara moja. Kwa msimu tunakuwa na matandiko manne badala ya sita, 11,200 badala ya 16,800. Hasara yake: watazamaji wa Jumapili walikuwa wachache kwa theluthi moja, na miguu ilikuwa mizito. Tumeshinda ya Jumamosi, tumepoteza ya Jumapili.

Lugha ya benchi. Kocha alianza kuita amri kwa Kiswahili, wapinzani wasielewe. Lilikuwa wazo zuri mpaka kipa wa akiba, asiyejua Kiswahili, alipoitiwa "Nyuma!" akatoka mbele, bao. Sasa maneno ni sita na kila mmoja ameyakariri: zamu, ukuta, nyuma, bana, geuza, tulia. Neno la saba halipo.

27 Januari. Basi

Mechi ya ugenini ya tarehe 25 ilikuwa umbali wa saa tano na nusu za basi kwa upande mmoja, kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Siku tatu kabla, kampuni ya basi ilitupigia simu: sheria ya shirikisho hairuhusu dereva wa abiria kuendesha zaidi ya saa 10 kabla ya kupumzika saa 8, wala kushika usukani baada ya saa 15 kazini. Saa 11 haziwezekani kwa mtu mmoja. Dereva wa pili: 600. Safari inayozidi saa nne na robo kwa upande mmoja tunaihesabu ya madereva wawili tangu kwenye bajeti, kwa sababu theluji na foleni hula hiyo robo tatu ya saa iliyobaki na zaidi. Kukaa ukumbini nako kunaingia kwenye zile saa 15, ila dereva akiachiwa hoteli apumzike kikweli.

10 Februari. Mtu wa ziada

Mechi mbili za nyumbani, ushindi mmoja. Hadi hapa tulikuwa tunapoteza nafasi za kadi ya buluu: watano wetu wa ndani dhidi ya wanne wao, na mpira unazunguka nje ya mraba wao bila kuingia. Tulichobadilisha ni kidogo. Mmoja anasimama katikati ya mraba, mgongo kwa lango, na hagusi mpira zaidi ya mara moja. Wawili wako juu, wawili kwenye pembe za chini. Shuti halipigwi langoni, linapigwa kwenye mbao futi mbili kando ya mwimo, na wa pembe ya upande ule anaungoja unaporudi. Kipa anakuwa amekwisha kulala upande mwingine. Mabao matatu kwa wikiendi yalikuja hivyo.

3 Machi. Mwisho wa msimu, na hesabu

Mechi 12, ushindi 4, tatu nyumbani na mmoja ugenini.

Uwanja umekula 43,350: nyasi na ukarabati wake 22,500, malango na ukuta 8,300, kutandika na kutandua 11,200, mashine za kukausha 1,350. Kodi ya ukumbi 19,200. Wachezaji 18,120. Mabasi na hoteli ya usiku mmoja 14,300. Bima 11,400. Mazoezi, saa 64, 7,040. Waamuzi na watunza saa 5,400, ada ya ligi 5,000, jezi 2,800. Jumla 126,610, na makocha hawakulipwa.

Mapato: tiketi 42,240, matangazo ya ukutani 31,000, mafunzo ya watoto 6,500. Pengo ni 46,870. Katika mpango wa kwanza mshahara wa wachezaji ndio uliotutia hofu. Wachezaji wote kwa msimu mzima hawakufikia nusu ya kile kilicholiwa na sakafu waliyoikanyaga.

Kuhifadhi: mikunjo imetandazwa siku mbili ndani ya godauni, mgongo juu, feni zikiwashwa, kabla ya kukunjwa. Velkro imechanwa nyuzi kwa brashi ya waya na kufunikwa kwa utepe wa karatasi ili isijishike yenyewe. Paleti zimeinuliwa sentimita 15 kutoka sakafuni, mitego ya panya pande nne. Mkunjo wa 9 una mpasuko wa futi mbili karibu na ungio, haujashonwa. Mkataba mpya wa ukumbi unaandikwa, na kifungu cha kwanza kilichoingizwa ni cha kutandua.